Tangulia Tukuone

Mshenga alipiga simu Zahida akichambua dengu, na kabla salamu hazijaisha alikwishalitoa neno lenyewe: watu wa upande wa mwanamume hawataki kuja nyumbani kunywa chai. Wanataka matembezi.

"Matembezi gani tena, Bi Kulsum?"

"Ya msituni. Margalla, kule mlimani, ile njia ya chini. Nyepesi, dada, hata wenye kisukari wanaipita. Bi Shahnaz mwenyewe, mama wa kijana, huenda kila Jumapili, daktari kamwamuru."

"Na sambusa zangu je?"

"Zifunge uje nazo. Mwenzio anasema sebuleni mtu haonekani. Msichana anaingia na sinia la chai, hatua kumi, anakaa, anainamisha kichwa, basi. Jirani yake alimwozesha mwanawe hivyo hivyo, kumbe bibi harusi ana pumu, ngazi mbili tu anahema. Yeye anataka kumwona binti wa watu akitembea."

Zahida alimshukuru Mungu kwamba simu haioneshi uso. Hizo hatua kumi ndizo alizokuwa amezipigia hesabu. Kutoka jikoni mpaka kiti cha karibu na dirisha, Sidra akiwa na viatu vyake miguuni, ni hatua kumi kamili, na hakuna jicho la mgeni lililowahi kugundua kitu katika hatua kumi.

"Tutakuja," alisema. "Kwa nini tusije."

Walikaa Rawalpindi, vyumba vitatu juu ya duka la rangi, yeye na mumewe Inayat aliyestaafu ukarani, na Sidra, mtoto wao wa pekee, mwalimu wa hesabu. Sidra alianguka kutoka juu ya paa akiwa na miaka saba, msimu wa kurusha vishada, na Zahida akamkimbiza kwa mwunga mifupa wa mtaani kwa sababu alikuwa karibu na watu walimsifu. Mwunga mifupa aliunga alivyojua yeye. Mguu wa kushoto ukabaki mfupi kwa vidole viwili, na tangu hapo fundi mmoja wa viatu huko Raja Bazaar humtengenezea Sidra kiatu cha kushoto chenye soli nene ndani kwa ndani, ili nje vyote viwili vionekane sawa.

Posa sita zilikuwa zimekuja katika nyumba hiyo. Mara zote sita Zahida aliwaambia wageni ukweli, na mara zote sita wageni walikula sambusa kwanza, wakafuta vidole, wakasema watapiga simu. Hakuna aliyepiga. Ilipokuja hii ya saba, mwanamume, Haris jina lake, ana miaka thelathini na nne, ana kazi nzuri kampuni ya simu kule Lahore, na amemsifu Sidra kwa picha tu, Zahida aliufunga mdomo wake. Hata mshenga hakumwambia. Wakimwona wakampenda, alijisemea, mguu utakuwa jambo dogo.

Tatizo lilikuwa Sidra mwenyewe.

"Mimi sharti langu ni moja," Sidra alisema jioni ile, akisahihisha madaftari ya wanafunzi. "Waambiwe kabla hawajaniona. Sitaki tena kukaguliwa miguu kama mbuzi wa Idi."

"Wameambiwa," Zahida alisema. Alikuwa anaosha mchele, na hakugeuka.

Sidra aliweka kalamu chini. "Wote? Na yeye Haris?"

"Wote."

"Na bado wanataka matembezi ya msituni?" Akacheka kidogo, kicheko ambacho mama yake hakuwa amekisikia siku nyingi. "Basi hao ni watu."

*

Inayat hakuupenda uongo ule, lakini alikuwa mtu wa kutopenda mambo kimyakimya. "Mimi simo," alimwambia mkewe, kisha kesho yake akapanda basi akaenda kuikagua njia, kwa sababu mkewe alimwagiza. Hiyo ilikuwa mwezi wa Juni, joto la kuchoma nyayo. Alirudi na karatasi aliyoiandika kwa mwandiko wake wa ofisini: njia tambarare, upana wa watu wawili; dakika ishirini mpaka kwenye mabenchi; hakuna ngazi; katikati kipande kifupi cha mawe meupe, makavu, mapana, hayatelezi.

"Na mguu utastahimili?" Zahida aliuliza.

"Dakika ishirini kwenda, ishirini kurudi. Akipumzika katikati, utastahimili."

Zahida aliikunja ile karatasi akaiweka ndani ya Msahafu. Kisha ikaingia Muharram, na hakuna mwenye akili anayezungumza posa katika Muharram. Ukafuata mwezi wa Safar, ambao Bi Shahnaz aliuogopa zaidi. Kisha Haris akakosa likizo. Katika miezi hiyo hiyo mvua za masika yao zikaja zikamwaga kwa wiki nane, na mara mbili Inayat na mwenye duka la rangi walikunja suruali wakachota kwa ndoo maji ya mfereji mkubwa yaliyoingia dukani, usiku na mchana, kama walivyofanya kila mwaka tangu wahamie mtaa ule. Katika kuchota kote huko Inayat hakuikumbuka karatasi yake hata mara moja.

*

Jumapili moja ya Septemba Bi Shahnaz alishuka kwenye gari la mwanawe akiwa na viatu vyeupe vya mazoezi, mkongojo wa kukunja na miwani ya jua. Aliitazama kanzu ya Sidra, mtandio wake, kisha uso wake, na kwenye uso akakawia.

"Kwenye picha ulikuwa mweupe zaidi."

"Ilikuwa Januari, mama," Sidra alisema. "Sasa nimepigwa jua."

Haris alicheka, mama yake akamtazama, akaacha. Alikuwa mrefu, mpole, kipara kikimwanza, na mikono hakujua aiweke wapi. Sidra alishamwona anavyohangaika na alishaamua kumwonea huruma.

"Tangulia, binti," Bi Shahnaz alisema walipoingia chini ya miti. "Njia nyembamba. Sisi wazee tutakufuata."

Njia haikuwa nyembamba. Watatu wangeweza kupita sambamba. Lakini Sidra alitangulia, Haris akawa ubavuni mwake kwa umbali wa adabu, na nyuma yao akaja Bi Shahnaz na mkongojo, macho yake yakiwa kwenye visigino vya msichana. Zahida alibeba chupa ya chai. Bi Kulsum mshenga alibeba boksi la mithai, vile vitamu vya kufungia posa, kwa matumaini. Inayat alibeba sambusa, akaja mwisho kabisa.

"Anatembea polepole," Bi Shahnaz alisema.

"Haya, Bi Shahnaz," mshenga alidakia. "Mtoto ana haya."

"Haya inakaa usoni. Miguuni inafanya nini?"

Jumapili hiyo mji mzima ulikuwa umepanda mlimani. Vijana walipita wakikimbia na muziki mfukoni, akina mama wakapita wakisukumana na watoto, na nyani wadogo walikaa ukingoni wakitazama mifuko ya watu. Zahida hakuona lolote kati ya hayo. Alikuwa anahesabu. Alijua kwamba baada ya hatua mia tatu hivi bega la kushoto la Sidra huanza kushuka, kidogo tu, na kwamba mtu asiyejua atadhani amechoka.

"Miaka thelathini na moja, nimesikia," Bi Shahnaz alisema. "Kwenye karatasi ya posa mliandika ishirini na nane."

"Makosa ya kuandika," alisema mshenga.

"Miaka mitatu ya makosa. Na mshahara wa mwalimu nao umekosewa?"

"Mshahara ni ule ule," Zahida alisema.

"Masikini. Na huko kwenu Pindi, ni kweli mvua ikinyesha mnalala juu ya meza? Nasikia maji yanaingia mpaka jikoni."

Hapo Zahida alishikwa na hasira, na hasira ikampa ulimi. "Maji yenyewe yanatoka huku kwenu juu, Bi Shahnaz. Sisi tunayapokea tu."

Alikwishasema ndipo akasikia alichosema. Akasimama. Mbele yao, nyuma ya kona, kulikuwa na mlio ambao alikuwa ameusikia kwa muda bila kuujali, akidhani ni upepo majanini. Haukuwa upepo. Aligeuka kumtazama mumewe. Inayat alikuwa amesimama na sambusa zake, uso umemshuka, na midomo yake ikitamka kitu bila sauti. Mawe meupe.

"Tupumzike hapa," Zahida alisema haraka. "Tunywe chai. Sambusa zinapoa."

"Hapa kwenye vumbi?" Bi Shahnaz hakusimama. "Mabenchi yako ng'ambo ya kijito. Wiki yote hii watu wanavua viatu wanavuka. Maji mazuri, yanafika hapa tu." Akaonyesha chini ya goti.

"Mimi nina baridi ya miguu," Zahida alisema. "Siwezi maji."

"Basi baki. Sikuja kukutazama wewe."

*

Kwenye kijito watu walikuwa wamekaa juu ya miamba, wakubwa kwa wadogo, wakivua viatu, wakikunja nguo. Zahida alijipenyeza mbele ya wote ili amfikie binti yake, amwambie kitu, chochote, kwamba kichwa kinamuuma, kwamba wanarudi. Alichelewa. Sidra alikwishakaa, ameinama, anafungua kamba.

"Sidra. Usivue. Maji machafu."

"Maji meupe kabisa haya, Mama." Alikuwa na uso wa furaha, na uso huo ndio uliomvunja Zahida nguvu. "Nishikie."

Zahida alipokea viatu. Cha kulia kilikuwa chepesi. Cha kushoto kilimvuta mkono chini.

Majini kila mtu alipepesuka, kwa hiyo majini Sidra hakutofautiana na wengine. Haris alivuka nyuma yake, suruali amekunja, akajaribu kumpa mkono kisha akauona mkono wake mwenyewe akaurudisha. Lakini ng'ambo kulikuwa na mwamba mpana, mkavu, tambarare, umelala kama sakafu ya sebule. Sidra alipanda juu yake akatembea. Hatua ya kulia alisimama wima, ya kushoto akazama. Wima, akazama. Hatua kumi, mbele ya kila mtu.

"Umejikwaa?" Haris aliuliza, akimkimbilia. "Umeumia?"

Sidra aligeuka akicheka. "Hapana. Ndio wenyewe huu. Ulidhani mfupi zaidi?"

"Upi?"

"Mguu."

Haris aliutazama mguu, kisha akamtazama usoni, na Sidra akaona kwamba mtu huyu hajui kitu. Kicheko kilimtoka usoni taratibu.

Ng'ambo ya huku, Bi Shahnaz alikuwa ameshavua kiatu kimoja. Hakuvua cha pili.

"Bi Kulsum," alisema. "Nini ile?"

"Wallahi sijui." Mshenga alikuwa ameshika kifua. "Dada Zahida, nini ile?"

Zahida alivikumbatia viatu.

"Lete hicho." Bi Shahnaz alimnyang'anya kiatu cha kushoto, akakitia mkono ndani, akapima unene kwa vidole, wageni wote wa mwambani wakitazama. Mama mmoja aliyekuwa akimkausha mtoto miguu aliacha kukausha. "Njia ya mwongo fupi, nilifundishwa. Lakini yako, Zahida, haikufika hata dakika ishirini."

"Mama," Sidra aliita kutoka ng'ambo. Ilibidi apaze sauti juu ya maji, na kila mtu akasikia. "Si uliniambia wanajua?"

Inayat alivua miwani akaanza kuifuta, na aliendelea kuifuta muda mrefu baada ya kuwa safi.

"Mimi nakula kwa jina langu," mshenga alisema, sauti ikimpanda. "Nyumba arobaini zinanijua. Umenitia kinyesi usoni, dada. Ungeniambia ningekutafutia mjane, mwenye watoto, mtu wa saizi yako. Wapo."

"Ni ya kuzaliwa?" Bi Shahnaz alipiga kelele kuvuka maji. "Iko upande wa nani? Ya baba au ya mama?"

"Nilianguka kutoka juu ya paa," Sidra alijibu. "Nikiwa na miaka saba. Mfupa uliovunjika haurithiwi, mama. Waulize walimu wa sayansi."

"Ulimi je, huo ni wa kurithi?"

Haris alikuwa bado amesimama karibu na Sidra, miguu inachuruzika. Alisema polepole, akimwambia Sidra peke yake, lakini kila mtu alikuwa ametega sikio na maneno yakavuka: "Mimi ningeambiwa, labda nisingejali."

"Sasa umeambiwa," Sidra alisema.

Alimsubiri. Wote walimsubiri, hata yule mama mwenye mtoto. Haris alitazama mawe, akatazama maji, kisha akatazama ng'ambo kwa mama yake.

"Haris," Bi Shahnaz alisema. "Njoo uvae viatu."

Akavuka. Alivaa soksi juu ya miguu iliyolowa, zikamgandia, ikambidi akae chini azivute kama mtoto mdogo. Hakunyanyua macho. Bi Shahnaz alikitupa kiatu cha Sidra mikononi mwa Zahida, akafungua mkongojo wake.

"Hata mbuzi wa Idi," alisema, "hauzwi kafichwa mguu. Mnunuzi anageuziwa, anaoneshwa, halafu ndio bei."

Maneno hayo yalivuka maji kama yale mengine. Zahida alimwona binti yake akiyapokea. Sidra alimtazama mama yake, kisha akageuka akaendelea na njia kuelekea kwenye mabenchi, pekupeku, wima, akazama, mpaka miti ikamficha.

*

Mshenga aliondoka na gari la kina Haris. Boksi la mithai aliondoka nalo.

Inayat alitaka kumfuata Sidra. Zahida alisema amwache. Walikaa juu ya mwamba bila kutazamana, na watu waliendelea kuvuka kwenda na kurudi, wengine wakishusha sauti walipowapita, wengine bila hata kushusha. Nyani mmoja alisogea, akaufungua mfuko wa sambusa kwa vidole vyake mwenyewe, akachagua. Hakuna aliyemfukuza.

"Nilisema mimi simo," Inayat alisema.

"Ulisema mawe makavu."

"Juni yalikuwa makavu."

Zahida alikiweka kiatu cha kushoto mapajani. Fundi alikuwa akikitengeneza, Inayat akikichukua, Sidra akikivaa na kukivua chumbani kwake mlango umefungwa. Miaka ishirini na nne, na leo ndiyo mara ya kwanza mama mtu kukibeba. Aliingiza mkono ndani, akafika pale kisigino kinapokaa, akakuta ngozi imelika, imeingia shimo, na pembeni pana vitambaa vidogo vilivyoshonwa kwa mkono, kimoja juu ya kingine, ili pasikwaruze. Hakujua nani alivishona. Kisha akajua ni Sidra mwenyewe. Aibu ilimshika pale, kwenye mwamba, mbele ya nyani, na ilikuwa aibu nyingine kabisa, si ile ya Bi Shahnaz.

Sidra alirudi baada ya saa nzima. Kisigino chake cha kushoto kilikuwa kinavuja damu kidogo. Alivuka maji, akakaa mbali kidogo nao, akafuta miguu kwa ncha ya mtandio.

"Nilitaka wakupende kwanza," Zahida alisema. "Basi. Wakupende kwanza, halafu."

"Wale sita wa mwanzo waliambiwa, Mama. Wakala, wakaenda. Sikuwachukia hata mmoja, kwa sababu walikataa kitu nilichowaonesha mwenyewe." Alinyoosha mkono bila kumtazama. "Huyu nimemtania. Mguu wangu mwenyewe, nimeutania mbele yake, nikidhani anajua. Umewahi kunisikia nautania kwa mtu?"

"Hapana."

"Nipe kiatu."

Zahida alimpa. Sidra alifunga kamba, cha kulia, cha kushoto, mafundo mawili mawili kama alivyofunzwa utotoni.

"Nisamehe, mwanangu."

"Twende nyumbani. Kesho nina kipindi cha kwanza."

Inayat alichukua chupa ya chai, ambayo haikuwa imefunguliwa, akatangulia peke yake kwa haraka, mtu wa kutaka kufika kwenye basi. Zahida alisimama pembeni ya njia akamngoja binti yake apite. Hakufikiri, ndivyo walivyotembea sikuzote, sokoni, harusini, hospitalini. Mtoto mbele, mama nyuma, macho ya mama yakienda kutoka kwenye lile bega mpaka kwenye nyuso za watu, kuona nani ameona.

Sidra hakupita.

"Hapana," alisema. "Tangulia wewe. Njia nyembamba."

Zahida alimtazama kuona kama ni mzaha. Haukuwa mzaha. Akatangulia. Njia ilikuwa ile ile ya kwenye karatasi, tambarare, upana wa watu wawili, lakini alihisi macho kwenye visigino vyake, na ghafla hakukumbuka tena mguu huwekwa vipi chini. Alijikwaa mahali pasipo na jiwe. Akanyooka, akashika mtandio, akaendelea, akijitahidi kutembea kama watu wanavyotembea. Nyuma yake viatu vilimfuata, kimoja chepesi na kimoja kizito, na havikumkaribia wala havikumwacha mpaka walipofika barabarani.